Punda Akichechemea Mguu wa Nyuma: Tafuta Chanzo Kabla ya Dawa

Leo nimekusudia kuzungumza nanyi juu ya punda, na hasa punda anayechechemea mguu wa nyuma.

Nimeuchagua mguu wa nyuma makusudi. Mguu wa mbele ukiuma, karibu kila mtu huona, kwa sababu kichwa cha mnyama kinacheza juu na chini mbele ya macho yako. Mguu wa nyuma uko mbali na macho na uko karibu na mateke. Mwenye punda husimama pembeni, anatazama, anaona kiuno kinapanda na kushuka, anasema: "Huyu ameteguka nyonga." Hapo ndipo makosa huanza. Nyonga inachomwa moto, inapakwa mafuta ya breki, inapigwa sindano, na ugonjwa wenyewe umekaa chini kabisa, ndani ya ukwato, unaendelea na kazi yake.

Wenzetu wanaofuga farasi wa kupanda na wa mashindano wana elimu ndefu juu ya jambo hili, maana farasi mlemavu kwao ni hasara kubwa. Umbile la mguu wa punda na la mguu wa farasi ni karibu sawa, kwa hiyo mengi nitakayosema leo ni yale yale wanayofanya waganga wa farasi. Lakini kwetu farasi ni wachache. Kule Dodoma, Singida, Manyara, Arusha na kwingineko, anayepeleka mahindi mashineni na anayeleta maji nyumbani ni punda. Na msidhani kwamba akilemaa huyu utapata mwingine kesho kwa bei ya jana. Biashara ya ngozi za punda, ambazo huko China huchemshwa kutengenezea dawa ya asili iitwayo ejiao, imewapunguza punda katika nchi nyingi za Afrika. Ndiyo maana mwezi wa Februari 2024, wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walipokutana Addis Ababa, walikubaliana kusimamisha kwa miaka 15 uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi.

Haya, tuje kwenye mguu.

Jambo la kwanza, kabla hujamgusa mnyama, jiulize: je, huyu kweli anachechemea? Kuna kuchechemea, kuna kukakamaa, na kuna kuyumba. Si kitu kimoja. Anayechechemea ana maumivu. Anajua mguu wake ulipo, ila anaogopa kuukanyagia. Anayekakamaa anatembea kama meza, miguu yote migumu, mkia umeinuka, masikio yamesimama wima, na pengine hawezi kufungua kinywa vizuri. Huyo huenda ana pepopunda. Punda na farasi hushikwa upesi mno na ugonjwa huo kuliko mifugo mingine, na mara nyingi mlango wake ni kidonda cha ukwatoni.

Anayeyumba ni wa tatu. Huyu miguu ya nyuma haimtii. Anapishanisha miguu, anaburuta kwato, ukimgeuza anakaribia kuanguka. Hapa, ndugu zangu, naomba mnisikilize vizuri. Kuyumba au udhaifu wa ghafla wa miguu ya nyuma huweza kuwa dalili ya kichaa cha mbwa, na wakati mwingine ugonjwa huo huanza kama kuchechemea tu. Si lazima uone punda anang'ata watu. Ikiwa katika wiki au miezi iliyopita mbwa, mbweha au fisi alimng'ata, au ikiwa anatokwa na mate mengi, anashindwa kumeza, anajing'ata mwenyewe mahali pamoja, sauti yake imebadilika, basi usitie mkono kinywani mwake kutafuta mfupa uliokwama. Mfunge mbali na watoto, umwite mtaalamu wa mifugo. Mtu aliyekwisha kuguswa na mate yake kwenye kidonda au kung'atwa aoshe mahali hapo kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile, asingoje kuona punda atakuwaje. Ugonjwa huu ukishaanza kuonekana kwa binadamu hauna tiba, lakini chanjo ya mapema huuzuia.

Kuyumba kunaweza pia kutokana na ndorobo, yaani ugonjwa wa mbung'o, au na kuumia mgongo. Hayo yote si ya kutafuta ukwatoni. Kwa hiyo tumeyatenga. Sasa tubaki na yule anayechechemea kweli.

Mtazame kwanza akiwa amesimama, mahali tambarare, bila mzigo na bila kamba za miguuni. Punda mzima hupumzisha mguu mmoja wa nyuma, ukwato umesimama kwa ncha, kisha baada ya muda hubadilisha. Hiyo ni kawaida yake. Lakini ukirudi baada ya nusu saa, na tena jioni, ukakuta ni mguu ule ule tu, shuku mguu huo. Tazama pia misuli ya matakoni kwa nyuma. Upande mmoja ukiwa umenywea kuliko mwingine, tatizo si la jana. Limekaa wiki nyingi na wewe hukuona. Punda ni mnyama mvumilivu, haonyeshi maumivu yake. Farasi angekwisha gomea kazi siku ya kwanza, lakini punda ataendelea kukuletea maji siku ya kumi. Basi ukimwona punda anachechemea waziwazi, ujue maumivu ni makubwa kuliko yanavyoonekana.

Kisha mtembeze. Mtu mmoja ashike kamba ya kichwani, ailegeze, asimvute kichwa upande. Wewe simama nyuma kwa mbali, hatua kumi hivi, mbali na mateke. Njia iwe ngumu na iliyonyooka. Barabara ya kifusi iliyoshindiliwa inafaa, mchanga haufai. Paka alama ya chokaa au majivu kwenye zile ncha mbili za mifupa ya nyonga, kulia na kushoto. Atembee kwanza, kisha aende mchakamchaka kidogo. Upande ambao alama inapanda na kushuka zaidi ndio upande wa mguu mgonjwa. Ukishindwa kuona kwa macho, tumia masikio. Mguu mzima hutua kwa kishindo, mguu mgonjwa hutua taratibu kama mtu anayenyemelea.

Hapa kuna mtego. Mguu wa mbele ukiuma, kichwa huinuka pale mguu huo unapokanyaga. Mguu wa nyuma ukiuma sana, kichwa hushuka pale mguu huo unapokanyaga, maana mnyama anasukuma uzito wake kwenda mbele. Sasa katika mchakamchaka, mguu wa nyuma wa kushoto hutua pamoja na wa mbele wa kulia. Ukitazama kichwa peke yake utadanganyika, utadhani anaumwa mguu wa mbele wa kushoto. Kwa hiyo tazama kiuno na kichwa, vyote viwili, usikate shauri upesi. Na ukumbuke kwamba kiuno kucheza kunakuonyesha upande tu. Hakukuambii mahali. Mwiba uliomo ukwatoni hukichezesha kiuno sawasawa na nyonga iliyoumia, na ndiyo sababu hasa watu huilaumu nyonga.

Ukishapata upande, anza chini, panda juu. Narudia: anza ukwatoni. Waganga wa farasi wana desturi ya kusema tatizo limo ukwatoni mpaka ithibitike kwamba halimo, nami nakubaliana nao kabisa, na kwa punda zaidi.

Kuinua mguu kuna adabu yake. Wahenga walisema asante ya punda ni mateke, basi usimpe nafasi ya kushukuru. Msaidizi asimame kichwani, upande ule ule uliopo wewe. Wewe simama ubavuni karibu na nyonga, uso wako ukitazama mkiani, usisimame nyuma yake. Weka mkono mgongoni, uteremshe polepole juu ya tako, paja, mpaka chini, ukimsemesha. Akiinua mguu, ushike chini chini na karibu na mwili wake. Usiuvute kwenda nje kama unavyofungua mlango. Kufanya hivyo kunamuumiza nyonga na goti, naye atapiga teke kwa haki yake. Akikataa, mpe muda, ujaribu tena. Punda aliyefungwa puani na kuangushwa chini hatakuonyesha panapouma, ataonyesha kwamba anakuogopa.

Safisha ukwato kwa chuma butu kilichopinda, ukitoka kisigino kwenda ncha. Sasa linganisha na ukwato wa upande wa pili. Gusa kwa mgongo wa kiganja: je, mmoja una joto zaidi? Pima asubuhi kivulini, si mchana baada ya kusimama juani. Kisha weka vidole nyuma ya kile kifundo kilicho juu ya ukwato, kulia na kushoto, utafute mapigo ya damu. Kwa punda mzima mapigo haya ni dhaifu, mara nyingi huyapati kabisa. Ukiyapata yanagonga kwa nguvu mguu mmoja, mwenzake kimya, umekaribia nyumbani kwa mwizi.

Bonyeza unyayo wa ukwato kwa kidole gumba, sehemu kwa sehemu, au gonga polepole kwa mpini wa kisu ukizunguka ukingo. Pale atakaponyakua mguu, simama. Rudia mara mbili tatu. Akinyakua pale pale kila mara, weka alama. Tafuta tundu dogo, doa jeusi, mstari mweusi, jiwe lililobanwa, ncha ya mwiba wa mgunga. Nusa pia. Ile nyama ngumu ya katikati yenye umbo la pembetatu ikiwa imeoza, ina ute mweusi na harufu mbaya katika mifereji yake ya pembeni, chanzo ni zizi lenye mbolea mbichi na mkojo. Hiyo dawa yake ya kwanza ni sepetu, yaani toa kinyesi, mpatie mahali pakavu pa kusimama, na safisha ukwato kila siku.

Lakini ugonjwa unaowatisha watu zaidi ni jipu la ndani ya ukwato. Jana punda alikuwa mzima, leo hakanyagi kabisa, anaruka kwa miguu mitatu, na mwenyewe anaapa kwamba amevunjika. Usaha umejikusanya ndani ya ukwato, na ukwato ni mgumu, hauwezi kuvimba kama ngozi inavyovimba, kwa hiyo maumivu yake ni kama ya jino. Ukiona kuchechemea kwa ghafla na kwa kupita kiasi namna hiyo, na mguu haujapinda wala hauning'inii, fikiria jipu kabla ya kufikiria mfupa.

Katika kijiji kimoja nilichofanyia kazi, mama mmoja alikuwa na punda jike wa pekee aliyekuwa akileta maji kutoka kisima cha mbali. Punda akachechemea mguu wa nyuma wa kulia. Majirani wakasema nyonga. Akachomwa kwa chuma cha moto, mistari mitano juu ya nyonga. Alipozidi, ikaletwa sindano ya dawa dukani, ikapigwa takoni, mguu ule ule. Nilipofika ilikuwa siku ya tisa, na binti wa mama huyo alikuwa ameacha kwenda shule kwa wiki nzima, maana maji lazima yafike nyumbani, na punda hayupo. Tulisafisha ukwato. Karibu na kisigino palikuwa na doa jeusi dogo kama punje ya mtama. Mtaalamu wa mifugo akalifungua kwa kisu cha kwato, usaha wa kijivu ukatoka kwa nguvu. Siku ya pili punda alikanyaga. Siku ya sita tuliona anatembea sawasawa ukwatoni, lakini vile vidonda vya moto vya nyongani bado vilikuwa vibichi, na shogi halikuweza kuwekwa. Ilipita karibu wiki tano kabla ya kurudi kisimani. Dawa ya kienyeji ilikuwa imemlaza muda mrefu kuliko ugonjwa.

Jipu la namna hiyo hutibiwaje? Usaha lazima upate njia ya kutokea. Kazi ya kulifungua mwachie mtaalamu au mtu aliyefundishwa kukata kwato; usichimbe kwa kisu cha jikoni mpaka damu itoke, maana utafungua mlango mwingine wa uchafu. Wewe kazi yako ni kuloweka. Chukua maji ya uvuguvugu ambayo mkono wako unayavumilia, tia chumvi konzi mbili katika ndoo, ukwato ukae humo dakika 15, asubuhi na jioni. Kisha kausha, funga kwa kitambaa safi, na juu yake vika kipande cha mpira wa ndani wa tairi ili uchafu usiingie. Badilisha kila siku. Wakati mwingine usaha hujitafutia njia wenyewe na kutokea juu, pale nywele zinapokutana na ukwato. Ukiona hivyo, usizibe. Na sindano ya kuua vijidudu peke yake, usaha ukiwa bado umefungiwa ndani, haimalizi kazi. Hupunguza makali kwa siku chache, kisha jipu hurudi.

Ukikuta msumari umesimama ukwatoni, tazama kwanza umeingia wapi na umeelekea upande gani. Kama mtaalamu anaweza kufika mapema siku ile ile, na punda anaweza kusimama asiukanyagie zaidi, ni heri umngoje, maana tundu hujifunga na huwezi kulipata tena. Kama hawezi kufika, utoe ulivyonyooka, upime kwa kidole urefu ulioingia, uzungushe alama mahali pale, na uuhifadhi huo msumari umwonyeshe. Msumari uliopita katikati ya ile nyama ya pembetatu ni hatari kubwa, kwani juu yake kuna kano na kiungo. Na kwa kidonda chochote cha ukwatoni, muulize mtaalamu juu ya kinga ya pepopunda.

Ukwato ukiwa safi, hauna joto wala mapigo, wala hakunyakua popote, sasa panda juu. Pitisha vidole vyote kuzunguka mguu, hasa pale panapobonyea juu ya ukwato ambapo watu hufunga kamba. Mara nyingi nimekuta kamba nyembamba ya nailoni imezama ndani ya ngozi, nywele zimeifunika, na mwenyewe hana habari. Macho hayakuiona, vidole vimeiona. Nyuma ya mfupa wa muundi, sikia kano: ziwe nyembamba, ngumu na baridi. Kano iliyovimba na yenye joto inataka maji baridi na mapumziko ya wiki nyingi, si siku tatu.

Juu zaidi kuna kile kiungo kikubwa kinachochomoza nyuma, na juu yake tena, karibu na tumbo, liko goti lenyewe. Viungo hivi viwili katika mguu wa nyuma wa punda na farasi vimefungamana, kimoja hakikunjiki bila kingine. Kwa hiyo ukiukunja mguu juu kwa dakika moja, kisha ukamwachia aende mchakamchaka papo hapo, akachechemea zaidi, umejua kwamba ugonjwa uko sehemu hizo za juu, ila hujajua ni kiungo kipi. Punda mzee aliyefanya kazi miaka mingi, anayeanza asubuhi akiwa mgumu kisha akalainika baada ya mwendo, ambaye ncha ya ukwato wake wa nyuma imesagika kwa kuburuza, huyo viungo vyake vimechakaa. Hakuna sindano itakayomrudishia ujana. Mpunguzie mzigo na umpe kazi fupi.

Kuna ugonjwa mmoja wa goti ambao nataka muujue, kwa sababu unafanana na uchawi na si uchawi. Punda anataka kuondoka, mguu wa nyuma umekwama umenyooka kwenda nyuma kama mti, anauburuza, ncha ya ukwato inachora mstari chini. Ghafla mguu unaachia kwa kuruka, anatembea kama hakuna kilichotokea. Hapo pia ya goti imenasa juu ya mfupa wa paja. Huwapata zaidi wanyama waliokonda, wachanga, na wenye miguu ya nyuma iliyonyooka mno. Jaribu kumrudisha kinyumenyume hatua chache, mara nyingi huachia. Na hapa mapumziko si dawa. Punda huyu akifungwa mtini mwezi mzima misuli ya paja itazidi kulegea na goti litazidi kunasa. Anahitaji chakula cha kutosha, kutibiwa minyoo, na kutembezwa kila siku bila mzigo. Ukiona bado linanasa, daktari wa mifugo ana njia ya kulitibu.

Sasa, nyonga. Sikusema nyonga haiumii. Punda akianguka korongoni au akigongwa na gari, nyonga inaweza kuchomoka. Utaona mguu mmoja umekuwa mfupi kuliko mwenzake, na goti na ncha ya ukwato vimegeukia nje. Mguu uliovunjika nao unaning'inia au umepinda pasipo na kiungo. Hayo mawili usiyajaribu kwa mikono yako. Lakini yana historia. Kuna siku na mahali yalipotokea. Nyonga haiteguki usiku kimya kimya punda akiwa zizini.

Juu ya sindano niseme hivi kwa ufupi. Takoni pana mshipa mkubwa wa fahamu unaoshuka mguuni, na sindano iliyopigwa vibaya huweza kuuharibu mguu uliokuwa mzima, au kuzaa jipu ndani ya nyama. Dawa ya kuchoma kwenye misuli ipigwe shingoni, na anayejua. Na dawa za kutuliza maumivu si ruhusa ya kumrudisha kazini. Punda asiyesikia maumivu hukanyagia kidonda chake kwa nguvu.

Ndama wa punda ni habari nyingine. Akichechemea katika wiki zake za kwanza, na kiungo kimevimba na kina joto, usiseme amekanyagwa na mama yake. Vijidudu huingia kwa kitovu na kukaa viungoni. Huyo mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo, kwa sababu baada ya siku chache kiungo huwa kimeharibika kabisa.

Ukisha kujua panapouma, bado kuna swali moja: kwa nini pale? Tazama mkokoteni wako. Mikokoteni mingi haina mkanda wa nyuma unaopita chini ya matako ya punda. Mteremko ukifika, tela lote linamsukuma, ubao wa mbele unamgonga nyuma ya miguu, naye anajizuia kwa miguu ya nyuma peke yake, safari baada ya safari. Mkanda mpana wa turubai lililokunjwa unatosha kuizuia gari isimpande. Tazama na mzigo. Dumu moja la lita 20 ni kilo 20. Madumu manne ni kilo 80, na punda wetu wengi hawazidi sana kilo 150. Ule usemi wa punda afe mzigo ufike ni mtamu mdomoni, lakini punda akifa mzigo wa kesho haufiki. Mpe madumu mawili, aende mara mbili.

Na kwato zenyewe zikatwe kila baada ya wiki 6 hadi 10, kwa koleo la kwato na tupa, wala si kwa panga juu ya gogo. Ukwato uliorefuka ukapinda huvuta kano na viungo vyote vya juu, nao hupasuka na kuruhusu uchafu kupenya. Punda wa nchi kavu yenye mawe hujisaga mwenyewe kiasi fulani, wa udongo laini hajisagi.

Unapompigia simu mtaalamu wa mifugo, usimwambie tu "punda wangu mgonjwa mguu". Mwambie ni mguu upi, tangu lini, ulianza ghafla au polepole, anakanyaga au hakanyagi, ukwato una joto au hauna, ulipobonyeza alinyakua wapi, na kama kuna mnyama aliyemng'ata. Atajua abebe nini, na atajua kama aje leo usiku au kesho asubuhi. Asiyekanyaga kabisa, mwenye kidonda kilicho juu ya kiungo kinachotoa maji mazito ya manjano, mwenye mguu uliopinda, anayekakamaa na anayeyumba, hao wote hawangoji kesho.

Wiki ijayo, majaliwa, tutaendelea na namna ya kukata kwato na vifaa ambavyo kikundi cha wafugaji kinaweza kununua kwa pamoja. Mpaka hapo, kwaherini.